Ziara ya London: tutakayoyatazama

Ndugu wanakikundi,

Kwa kuwa tumekubaliana kutazama vitu vichache kwa kina badala ya kupita mbio mbele ya majengo mengi, naomba mjiandae kama ifuatavyo.

Tutaanzia Tower Hill, ambako kipande cha ukuta uliojengwa na Warumi bado kimesimama, sehemu yake ya juu ikiwa imeongezwa katika Zama za Kati. Karibu na hapo yalipatikana mabaki ya kaburi la Classicianus, msimamizi wa fedha aliyetumwa na Roma baada ya uasi wa Boudica, malkia wa Kibritania aliyepigana na Warumi, wa mwaka 60 au 61, yakiwa yametumika tena kama mawe ya kawaida ya ujenzi. Mabaki hayo tutayaona mchana British Museum.

Kituo ninachokithamini zaidi ni Monument, nguzo yenye urefu wa mita 62 hivi iliyokamilika mwaka 1677 kwa kumbukumbu ya moto mkubwa wa 1666, ambao ulianzia kwa mwoka mikate wa Pudding Lane. Mwaka 1681 yaliongezwa hapo maandishi yaliyowabebesha Wakatoliki lawama za moto huo, tuhuma isiyo na ukweli wowote, nayo hayakufutwa moja kwa moja hadi mwaka 1830. Basi mbele ya kila mnara tuulize ni nani aliyeusimamisha na alitaka tuamini nini.

Wenye matatizo ya magoti wanaweza kutusubiri chini, kwani ngazi za nguzo hiyo ni 311 na hakuna lifti.