Asante kwako uliyetuandalia njia ya Taizé

Jina lako hatulijui, ila karatasi yako ya maelekezo ya kwenda Taizé, kijiji chenye jumuiya ya watawa wa Kikristo huko Burgundy, Ufaransa, imetufaa kuliko vikao vyote. Kikundi chetu cha vijana kinakushukuru kwa dhati.

Ulianza na viza, na hapo ndipo wengi hukwama. Bima ya safari isipungue yuro 30,000, tena ifunike siku zote za safari na nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja. Ikipungua hata siku moja ombi linaweza kukataliwa. Pasipoti ibaki hai miezi 3 baada ya kuondoka huko.

Asante pia kwa lile la stesheni. Mâcon, mji ulio karibu na Taizé, ina mbili: Mâcon-Ville ipo mjini, Mâcon-Loché TGV ipo nje ya mji. Ukikata tiketi ya treni ya kasi kutoka Paris, soma jina lote, kisha tazama saa za basi la Taizé kwa stesheni hiyohiyo. Basi la mwisho likishapita, ni teksi, na teksi za Ufaransa jamani!

Ulitushauri kufika Jumapili, maana mafungo huenda Jumapili hadi Jumapili. Tubebe mfuko wa kulalia, tochi na sweta hata kiangazi, kwani usiku wa Burgundy una baridi. Sala ni mara tatu kwa siku, na katikati ya kila sala kuna kimya kirefu: simu izimwe kabisa, mtetemo nao husikika. Na zamu za kuosha vyombo na kusafisha vyoo ni za kila mtu, hata mwenyekiti wa kwaya.

Ubarikiwe sana, ndugu yetu.