Hip hop haikuanzia kwenye kipaza sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo linalonikera kwa muda mrefu, na ambalo makala ya burudani iliyotoka gazetini mwako wiki iliyopita imelichokonoa upya. Mwandishi wako, ambaye kwa kawaida namsoma kwa furaha, ameeleza kwamba hip hop ni muziki wa kuchana, yaani kughani mistari yenye vina juu ya midundo, uliozaliwa Marekani mwaka 1979. Mwaka si huo, na hip hop si kuchana peke yake. Kosa hili la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa limezoeleka mno magazetini na redioni, kiasi kwamba linapita bila mtu kushtuka.

Tarehe inayotajwa na wengi ni 11 Agosti 1973, na mahali ni ukumbi wa chini wa jengo la ghorofa namba 1520, barabara ya Sedgwick, eneo la Bronx jijini New York. Binti aitwaye Cindy Campbell alitaka fedha za kununulia nguo za muhula mpya wa shule, akaandaa dansi ya kiingilio: wasichana senti 25, wavulana senti 50. Aliyepiga santuri ni kaka yake, Clive, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Kingston, Jamaika, akahamia Bronx mwaka 1967, na ambaye dunia inamfahamu kwa jina la DJ Kool Herc. Waliolipa senti zao kuingia mle ndani walikwenda kucheza, wala hawakwenda kusikiliza mistari ya mtu.

Herc alikuwa amewachunguza wachezaji, akaona kwamba hawangoji kiitikio. Walichokingoja ni pale waimbaji na vyombo vingine vinaponyamaza, ngoma na besi zikabaki peke yake kwa sekunde chache. Hapo ndipo wenye viungo vyepesi walipojitosa uwanjani, lakini kabla hawajapata moto kipande kilikuwa kimekwisha. Akatafuta nakala mbili za santuri ileile, akaziweka kwenye mashine mbili. Nakala ya kwanza ilipofika mwisho wa kipande hicho aliirukia ya pili, na hiyo ya pili ikiendelea kulia, mkono wake ulikuwa ukiirudisha ya kwanza nyuma, tayari kwa zamu yake. Sekunde chache zikawa dakika nyingi.

Nayasema haya nikijua ugumu wake, Mhariri, kwa sababu katika miaka ya themanini mimi mwenyewe nilikuwa nikipiga santuri kwenye disko toto hapa Temeke. Nilikuwa na mashine mbili zisizokwenda kasi moja, na niliposikia habari za ufundi huo nilijaribu kuuiga sikukuu moja mchana, ukumbi umejaa watoto. Sindano ilikwaruza santuri ya mwenye ukumbi kutoka ukingoni hadi katikati, na posho yangu ya siku ile ikaishia hapo. Ndiyo maana nastaajabu ninapomsoma Joseph Saddler, kijana mzaliwa wa Barbados anayejulikana kama Grandmaster Flash, ambaye alisomea mambo ya umeme, akawa anachora alama juu ya santuri ili ajue kwa kutazama tu kipande kinaanzia wapi, na akajitengenezea swichi ya kumwezesha kuisikiliza santuri ya pili masikioni kabla wachezaji hawajaisikia. Baada yake akaja Grand Wizzard Theodore, aliyeigeuza ile sauti ya santuri kukwaruzwa, iliyonikosesha mimi posho, kuwa muziki.

Wale waliocheza katika vipande hivyo ndio walioitwa b-boy na b-girl, na herufi hiyo ya mwanzo inatokana na jina la Kiingereza la kipande chenyewe, “break”. Mshika kipaza sauti alikuwapo pia, kwani Coke La Rock, rafiki yake Herc, alikuwa akiwataja marafiki kwa majina na kuwachangamsha watu kwa semi fupi zenye vina. Kazi yake wakati ule ilikuwa kumsindikiza dijei. Uchoraji wa ukutani na kwenye mabehewa ya treni ndio nguzo ya hip hop inayozua ubishi, na kwa maoni yangu ni ndugu wa kulea katika nyumba hii: kijana aliyejiandika Taki 183 aliandikwa katika gazeti la New York Times mwaka 1971, miaka miwili kabla ya dansi ya Cindy, na wachoraji wengi walikuwa na muziki wao mwingine kabisa. Aliyewaweka wote chini ya dari moja ni Afrika Bambaataa, dijei wa Bronx, na kundi lake la Zulu Nation, waliozihesabu nguzo nne, yaani upigaji santuri, uchezaji, uchanaji na uchoraji, na kisha wakaongeza ya tano, ambayo ni maarifa, yaani kujua ulikotoka na kwa nini unafanya unachokifanya.

Hiyo ya tano haikuongezwa kwa ajili ya pambo. Barabara kuu ilikuwa imepasuliwa katikati ya Bronx, maelfu ya familia yakahamishwa, majengo yakaachwa yaungue, na vijana wakajigawa katika magenge. Mnamo Desemba 1971, baada ya kijana aliyekwenda kusuluhisha ugomvi kuuawa, magenge hayo yaliketi pamoja katika klabu ya vijana ya Hoe Avenue, wakafikia mapatano. Bila mapatano hayo kijana wa mtaa mmoja asingethubutu kuvuka kwenda kucheza dansi ya mtaa mwingine.

Sasa niufikie huo mwaka 1979. Ndipo ilipotoka santuri ya kundi la Sugarhill Gang, “Rapper’s Delight”, yenye urefu wa zaidi ya dakika 14. Ilitikisa dunia, sikatai. Lakini midundo yake ilipigwa upya studioni na wanamuziki wenye ala, wakiufuata wimbo wa kundi la Chic, kwa hiyo dijei hakuhitajika. Wachanaji waliingia studio, wapiga santuri wakabaki nje ya mlango pamoja na wachezaji wao, na dunia iliyoijua hip hop kupitia santuri hiyo ikadhani kwamba walioingia ndio hip hop nzima. Flash alijaribu kujibu mwaka 1981, akatoa santuri aliyoirekodi kwa mashine zake na kisanduku cha kuchanganyia sauti, lakini jina lilikuwa limekwisha kubandikwa.

Hata hapa kwetu uchanaji haukutangulia. Breki densi, yaani uchezaji wa hao b-boy na b-girl, ilifika kwa mikanda ya video katikati ya miaka ya themanini, na watoto wa disko toto walizungukia migongo yao juu ya maboksi yaliyokunjuliwa miaka kadhaa kabla Saleh Jabir hajachana kwa Kiswahili mwaka 1991 na kabla kundi la Kwanza Unit halijaundwa. Hao wa mwanzo hawana kanda wala albamu, na kwa kuwa hawakurekodiwa, kila historia ya hip hop ya Tanzania ninayoisoma huwaruka.

Kuwaruka huko kuna madhara hadi leo. Mwaka juzi nilimsindikiza mpwa wangu kwenye tamasha lililotangazwa kuwa la hip hop. Wachanaji walipewa jukwaa lenye taa, ilhali yeye na wenzake walioalikwa kucheza walioneshwa kiwanja cha kokoto nyuma ya vyoo. Alicheza hivyohivyo, akarudi nyumbani viwiko vikitoka damu. Mwandaaji nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa, “Mzee, hii ni shoo ya hip hop, hao wa sarakasi tumewasaidia tu.”

Mwandaaji huyo angefaidika kuitazama michezo ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, ambako breki densi iliingizwa kwa mara ya kwanza, na medali za dhahabu zikachukuliwa na Ami wa Japani na Phil Wizard wa Kanada. Mchezaji aliingia uwanjani bila kujua dijei angepiga nini, akalazimika kuusikia muziki na kuujibu papo hapo, kama ilivyokuwa Sedgwick.

Ombi langu ni dogo. Mwandishi wako akimaanisha kuchana, aandike kuchana. Na akitumwa tena kwenye tamasha la hip hop, asiondoke kabla hajamuuliza jina aliyepiga santuri na hajaitazama sakafu waliyopewa wachezaji.

Msomaji wako,
Dijei mstaafu wa disko toto,
Temeke, Dar es Salaam