Mama, chanjo ya mwaka jana haitoshi

Leicester, Uingereza
14 Machi

Wapendwa Baba na Mama,

Mbukwenyi, na shikamooni. Mimi ni mzima, na nimefurahi kusikia kwamba uwele wa Bahi umekubali mwaka huu.

Naandika kwa sababu ya neno alilosema Mama kwenye simu Jumapili, kwamba chanjo ya mafua alishachoma mwaka jana, sasa ya nini tena. Simu ilikatika kabla sijajibu, na jibu lenyewe ni refu.

Mama, chanjo ya surua tuliyochomwa utotoni hutulinda miaka mingi kwa kuwa kirusi cha surua hakibadiliki kiasi cha kuipotezea kinga yetu njia. Kirusi cha mafua hubadilika kila mara, hata kinga iliyokitambua mwaka jana huweza kupishana nacho mwaka huu isikijue, na kinga yenyewe hupungua nguvu kadiri miezi inavyopita. Ndiyo maana wataalamu wanaoitwa na Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, wakavichunguza virusi vilivyokusanywa kutoka nchi nyingi na kupendekeza chanjo ya msimu unaofuata iundwe vipi. Ile aliyochomwa Mama ilitengenezwa kwa ajili ya msimu uliokwisha.

Najua tukisema mafua nyumbani tunafikiria kamasi za siku tatu, tangawizi na malimau. Haya ninayoyasema ni homa kali inayoanza ghafla, misuli inauma, na mtu anashindwa kuinuka kitandani. Shirika hilohilo hukadiria kwamba watu kati ya 290,000 na 650,000 hufa kila mwaka duniani kwa matatizo ya kupumua yatokanayo nayo. Bibi alitusimulia Mtunya, njaa iliyoipiga Ugogo baada ya majeshi ya vita kuchukua ng'ombe na nafaka. Mafua yaliyoenea dunia nzima mwaka 1918 yaliwakuta watu wamekwisha kudhoofika hivyo.

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi alikuwapo mzee wa miaka 81, mwenye kisukari kama Mama. Alichoma mwaka mmoja, uliofuata akakataa kwa maneno yaleyale ya Mama. Jumanne moja ya Januari nilikuta chai yake imepoa mezani bila kuguswa. Ijumaa alikuwa hospitali, nimonia imeshika mapafu yote mawili, na hakurudi. Mimi ndiye niliyekunja masweta yake. Tangu hapo siwezi kulinyamazia jambo hili.

Sisemi kwamba anayechanjwa hapati mafua kabisa. Wapo wanaopata, ila mara nyingi huwa mepesi zaidi. Wala sindano haimpi mtu mafua, kwa sababu haina kirusi kilicho hai. Mkono utauma siku moja au mbili. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo naomba asingoje Juni, upepo wa Dodoma ukianza na baridi yake ya alfajiri.

Chanjo hii haimo katika zile za kliniki ya watoto, hivyo hakuna atakayewaita. Ni kuiulizia wenyewe. Mama aanzie kwa daktari wake wa kisukari, aulize kama ipo na kama ni ya msimu huu. Baba naye achanjwe, maana ameshapita miaka 65 na wanalala chumba kimoja. Mdogo wangu, kwa hali yake ya ujauzito, amwulize mkunga, kwani kinga ya mama humfikia mtoto, na mtoto mwenyewe hawezi kuchanjwa kabla ya miezi sita.

Fedha ya chanjo na ya nauli nimeituma kwa simu ya Kaka. Jumapili nitapiga baada ya ibada, na ningependa Mama aniambie siku aliyopanga kwenda.

Mwanenu awapendaye