Shukrani kwa walimu wa Shule ya Jumapili

Bwana Yesu asifiwe, wazazi wapendwa.

Kama tulivyokubaliana kikaoni, Jumapili ya Mikaeli na Watoto, mara baada ya ibada ya pili, tutawashukuru walimu wa Shule ya Jumapili, ambao mwaka mzima wamewafundisha watoto wetu nyimbo na mistari ya kukariri, wakawapikia uji, na hata wakabaki nao getini sisi tulipochelewa kuwachukua. Hawalipwi, na wengi wao hukosa mahubiri kwa ajili ya watoto wetu. Kwa hiyo safari hii wasipike wala wasipange viti.

1. Mchango ni shilingi 15,000 kwa kila familia, umfikie mhazini kabla ya Jumatano jioni, kwa kuwa vitenge vya zawadi vitanunuliwa Alhamisi. Mwenye uzito wowote anione faragha.

2. Akina baba watafunga maturubai na kupanga viti Jumamosi saa 10 jioni. Wapishi wa pilau watakutana jikoni kwa usharika Jumapili saa 12 asubuhi.

3. Kila mtoto amchoree mwalimu wake kadi. Tafadhali tusiwaandikie, mwandiko uliopinda wa mtoto mwenyewe unatosha kabisa.

Walimu hawamo katika kundi hili, hivyo tusiwadokeze (kwa watoto siweki dhamana).

Naomba kila familia ithibitishe hapa kabla ya Jumanne saa 2 usiku, ikitaja idadi ya watakaohudhuria na kazi itakayoifanya.

Mungu awabariki.
Mratibu, Kamati ya Wazazi