Kabla hujatuletea baiskeli ya mbio tuigeuze ya safari

Wiki iliyopita bwana mmoja alitutupia risiti tatu kwenye kaunta, akatuita wezi. Zote tulimwandikia sisi, zote za baiskeli moja, ndani ya miezi miwili. Anasema akizijumlisha anapata nusu ya bei ya baiskeli nyingine. Hesabu yake ni sahihi. Si wa kwanza kulalamika hivyo, na maneno huwa yale yale: "Mnatengeneza kidogo kidogo ili nirudi."

Alikuja na baiskeli ya mbio aliyoinunua mkononi mwa mtu. Fremu ya karboni, nzuri kwelikweli, hata mimi niliitamani. Ila mwenyewe hashindani. Anaendesha kilomita 60 au 70 siku za mapumziko, begi mgongoni, kwenye lami yenye viraka. Baada ya saa moja shingo inakaza, vidole vinakufa ganzi. Akataka tuunyanyue usukani. Nikafungua kifuniko cha juu nikamwonyesha: bomba la foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, limekatwa sawa na stemu, kipande kinachoshika usukani; hata ringi moja ya kuinulia haiwezi kukaa. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa mtu wa kulala chini kama mjusi, akakata ziada yote. Bomba likishakatwa halirefuki. Nikamwambia, kaka, fremu hii haikufai. Akajibu, "Wewe weka tu stemu fupi."

Tukaweka ya milimita 60 iliyoinuka, tukatoa ya 110. Mikono ikapata nafuu, lakini usukani ukawa mwepesi mno. Akipiga chafya baiskeli inahama njia. Risiti ya kwanza hiyo. Ya pili ni matairi ya upana wa milimita 32 aliyoyanunua mwenyewe ili apunguze mtikisiko. Fremu ile mwisho wake ni 25. Kuyavalisha, kuona yanasugua foku, kuyavua, kurudisha ya zamani: ni kazi, na kazi inalipwa. Ya tatu ni gia. Mbele alikuwa na meno 53 na 39, nyuma mwisho 25. Kwa gia nyepesi kabisa ya hapo, pedeli ikizunguka mara moja baiskeli inasogea kama mita 3.3. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma inasogea mita 2.1 hivi, na mlima unaupanda umekaa. Alitaka kaseti, yaani seti ya gia za nyuma, ya 34 tu, "mengine acheni." Mengine hayaachiki: kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kilikuwa cha mkono mfupi, hakimudu meno mengi hivyo. Kifaa kipya, cheni mpya.

Baiskeli ya safari ndefu inakuja na hivyo vyote tangu kiwandani. Kwa saizi ile ile, fremu yake huwa juu zaidi upande wa usukani kwa sentimita 2, 3, wakati mwingine 4. Ukiisoma karatasini ni tofauti ndogo. Kiuno chako kitaijua kilomita ya 50.

Ndiyo maana mteja akija tunamuuliza safari zake tatu za mwisho, si zile anazoziota. Wengi wananunua baiskeli ya mtu wanayetaka kuwa. Anayebeba mizigo tunamwangalizia matundu ya kufungia keria na urefu wa nyuma ya fremu, kwa sababu kwenye fremu fupi kisigino kinapiga begi kila mzunguko. Wapo wanaokuja na mzani wa kupimia mizigo, wanapima baiskeli, wanabishania gramu 300. UCI, shirikisho la baiskeli duniani, hawaruhusu mashindanoni baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8. Wewe hushindani, na chupa mbili za maji zinakupa kilo moja na nusu kabla hujatoka getini!

Vipimo vinachukua saa moja na nusu na tunavitoza. Tunapima mguu, mkono, kunyumbulika kwa mgongo, tunakuangalia ukiendesha na viatu vyako mwenyewe. Ukinunua kwetu, tunakata gharama hiyo kwenye bei. Sijui tupunguze nini zaidi.

Na mimi hukosea. Mzee mmoja mwenye mvi kichwa kizima alitaka baiskeli ya mbio, nikaanza kumshawishi achukue ya kukaa wima. Hakubishana. Aliinama palepale dukani, magoti yamenyooka, akalaza viganja sakafuni. Nikamuuzia ya mbio, na foku sikuikata chini kabisa. Niliacha sentimita 3 na ringi zake, endapo mgongo utabadili mawazo. Mpaka leo hajaniambia nizipunguze wala niziongeze.

Yule bwana wa risiti ameiuza fremu yake kwa kijana anayeshindana, na huyo kijana anataka stemu ya 110. Ipo kwenye droo ya juu, nimeifunga kwenye karatasi yenye jina la bwana yule. Ni mali yake, aje aichukue.