Msing'oe themostati: gari linalozimika lipimwe joto kwanza

Ndugu Mhariri,

Katika gereji nyingi za Kampala, gari likichemsha mara moja tu, dawa ya kwanza ni kung'oa themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, na kuitupa. Ya pili ni kuiunga feni moja kwa moja na swichi ili izunguke muda wote. Mwenye gari anaondoka ameridhika kwa kuwa mshale wa joto hauinuki tena. Baada ya muda anarudi na kilio kingine: sailensi (mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya mafuta) iko juu asubuhi nzima, petroli inaisha upesi, na kwenye jamu ya Wandegeya injini inatetemeka hadi inazimika. Hapo ndipo anapouziwa plagi, kisha nozeli, kisha pampu, na wengine wanafikishwa hadi kwenye kompyuta ya injini. Pesa inakwisha, ugonjwa uko palepale.

Tunawaandikia wenye Toyota za miaka ya 1990: Kikumi (Corolla), Carib, Corona na Premio. Ni wengi, na hawataziacha leo wala kesho, hasa tangu sheria ya 2018 ilipozuia kuingiza nchini magari yaliyofikisha miaka 15. Lililopo ndilo la kutunza.

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari ajue jambo moja: linazimika likiwa baridi, likiwa njiani kupata joto, au likishapata joto kabisa? Fundi asiyeuliza hivyo anabahatisha. Injini baridi hutaka petroli zaidi na hewa zaidi, kwa hiyo kompyuta huiinua sailensi, kisha huishusha kidogo kidogo hadi mizunguko 700 au 800 kwa dakika injini ikishapata joto. Ikiwa joto lenyewe halifiki, au linafika lakini kompyuta haiambiwi ukweli, hesabu yote inaharibika.

Tuanze na themostati. Za Toyota hizi nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi, na kwenye nyuzi 95 mdomo uwe umefunguka milimita 8 au zaidi. Kuipima hakuhitaji mashine. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha moto polepole, uangalie inaanza kufunguka kwenye nyuzi ngapi na inafika wapi. Hapa Kampala maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo utaiona ikifunguka karibu yote. Aliye Kabale, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, maji yake yatachemka kwenye nyuzi 93, kwa hiyo asiilaumu themostati kwa milimita moja iliyopungua. Isiyofunguka kabisa, au inayobaki wazi ikishapoa, hiyo ndiyo ya kutupa. Unapofunga mpya, kile kipini kidogo kinachochezacheza kikae upande wa juu, maana ndiko hewa inakopitia kutoka.

Injini isiyo na themostati hutembea na nyuzi 50 au 60, hasa asubuhi ya mvua au kwenye mteremko mrefu. Kompyuta inaendelea kumwaga petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Fungua plagi utazikuta nyeusi, zina masizi makavu. Chomoa kijiti cha oili unuse: kikinuka petroli, ujue petroli inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Masizi hayohayo hujaa kwenye throto (mlango wa hewa ya injini) na njia ya hewa ya sailensi, ndiyo maana gari lililoanza kwa kunguruma sana huishia kuzimika ukiachia mafuta.

Mtu atauliza: na kuchemsha je? Kuchemsha kuna sababu zake, na nyingi ziko nje ya themostati. Rejeta imeziba kwa chumvi ya maji ya kisima. Feni haiwaki. Mfuniko wa rejeta umechoka. Mfuniko huu watu wanaudharau mno. Ule ulioandikwa 0.9 hushikilia shinikizo linalopandisha kiwango cha kuchemka, kwa hapa Kampala, kutoka nyuzi 96 hadi karibu 115. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, maji yanachemka na kumwagika injini ikiwa kwenye joto lake la kawaida kabisa, na themostati inasingiziwa. Angalia mfuniko injini ikiwa imepoa. Ukiufungua gari likiwa moto utaungua uso.

Kuhusu feni, kwenye Toyota nyingi za wakati ule swichi yake ya joto hukata saketi karibu nyuzi 93 na feni ikawaka, kisha hurudisha karibu 83 ikazima. Kwa hiyo ukichomoa soketi ya swichi hiyo huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, mota, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na fyuzi ni nzima, nawe unatafuta swichi tu. Hakuna haja ya kuiunga moja kwa moja.

Sasa sensa. Injini ina vipima joto viwili: cha waya mmoja kinachopeleka habari kwenye geji ya dashibodi, na cha waya mbili kinachopeleka habari kwenye kompyuta. Mshale unaweza kukaa mahali pake vizuri huku kompyuta ikidanganywa. Asubuhi kabla ya kuwasha, chomoa soketi ya kile cha waya mbili, weka multimita kwenye ohm. Kwenye nyuzi 20 kisome kati ya 2,000 na 3,000; injini ikifika nyuzi 80 kisome kati ya 200 na 400. Ukikuta 1,500 injini ikiwa moto, kompyuta inaamini bado iko kwenye nyuzi 30 na kitu, na gari litanguruma kizito, litoe moshi mweusi na kuzimika kwenye taa za barabarani. Kuna njia ya haraka pia: injini ikiwa moto na inatetemeka, chomoa soketi hiyo. Kompyuta ikikosa habari huchukulia kwamba joto ni nyuzi 80. Sailensi ikitulia palepale, umempata mwongo.

Kwa sababu hiyohiyo, sensa iliyokatika kabisa huleta dalili ya kinyume: asubuhi gari linawaka kwa shida na kuzimika mara mbili tatu, likipata joto linakuwa zima. Hapo taa ya injini itakuwa imewaka. Zima gari, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya ndani ya boksi dogo la vipimo chini ya boneti, washa ufunguo bila kuwasha injini, uhesabu taa inavyopepesa. Mbili, kituo kifupi, mbili: ni kosa nambari 22, saketi ya sensa ya joto la maji. Angalia soketi na waya kabla ya kununua sensa, kwa maana kutu ya kijani kwenye pini inatosha kuleta kosa hilo. Na ukumbuke kwamba sensa inayodanganya kidogo haiwashi taa yoyote, kwa hiyo taa kutowaka si ushahidi wa uzima. Ukimaliza, futa kosa kwa kuchomoa fyuzi iliyoandikwa EFI nusu dakika.

Sailensi inayopanda na kushuka yenyewe, 1,500, 1,000, 1,500 tena, mara nyingi ni maji ya rejeta yaliyopungua. Maji ya moto hupita chini ya throto, na kwenye baadhi ya injini za zamani ndiyo yanayoyeyusha nta ya vali inayofunga hewa ya ziada. Hewa ikinaswa mle, vali haipati joto na haifungi. Mizunguko inapanda, kompyuta inaona mguu hauko kwenye mafuta, inakata petroli, mizunguko inaanguka, petroli inarudi. Jaza rejeta pua ya gari ikiwa imeinuka, hita ikiwa wazi, uiache injini ingurume hadi mapovu yaishe na paipu ndogo za chini ya throto ziwe moto zote mbili. Zikiwa moto na mchezo unaendelea, ndipo usafishe throto na vali ya sailensi kwa dawa ya kabureta. Skrubu ya kuzuia kipepeo cha throto usiiguse. Imewekwa kiwandani, na ukiikaza umeficha ugonjwa tu.

Gari linalotetemeka likiwa baridi na kutulia likipata joto litazamwe pia kwenye gasketi ya manifoldi ya hewa na mipira ya vakyumu (mvuto wa hewa ya injini), hasa ule mnene wa buta ya breki, chombo cha kulainisha breki. Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba ufa. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio injini ikinguruma, mbali na nyaya za plagi, usikilize mlio unabadilika wapi. Wanaotumia petroli kwa kazi hii wanatafuta moto.

Linalozimika likiwa moto kabisa, kisha likawaka baada ya kupumzika, ni habari nyingine, na hapo kasi ya fundi ndiyo kila kitu. Ukisubiri lipoe, umepoteza ushahidi. Linapozimika kwenye mwendo na gia ikiwa ndani, tazama mshale wa mizunguko: ukianguka sifuri ghafla wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, umeme wa plagi umekatika. Ukishuka taratibu pamoja na gari, fikiria petroli. Thibitisha palepale kwa kuweka plagi ya akiba kwenye waya wake, mwili wake uguse chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche ikikosekana, washukiwe koili, ignaita (kifaa kinachokata na kuwasha umeme wa koili), na koili ndogo ya ndani ya distributa. Zima ufunguo, weka kitambaa chenye maji kilichokamuliwa juu ya koili kwa dakika chache, likiwaka, umeshapata. Gereji inayotaka uhakika zaidi iazime mashine ya kukaushia nywele saluni, ipulizie kifaa kimoja kimoja injini ikiwa baridi na inanguruma.

Cheche ikiwepo, sikiliza pampu kwenye mdomo wa tangi. Ikiwa kimya mwenzako akipiga stata, unganisha FP na +B kwenye boksi lilelile la vipimo, ufunguo ukiwa umewashwa. Usikosee tundu. Ikinguruma hapo, pampu haina kosa. Ni rilei yake, ambayo risasi za kulehemu za ndani hupasuka na kuachana zikipata joto. Ikinguruma na gari bado haliwaki, pima shinikizo: psi 38 hadi 44 mpira wa vakyumu wa regyuleta (kidhibiti cha shinikizo la petroli) ukiwa umechomolewa.

Magari ya kabureta yaliyobaki ni machache. Likizimika likiwa moto, gusa kwanza paipu ya petroli inayopita karibu na egzosi, kwa uangalifu, kisha tazama kama kile kipande kizito cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi bado kipo. Wengi walikitoa wakaweka gasketi nyembamba, na petroli inachemka ndani ya bakuli. Likikosa sailensi tu lakini linatembea ukikanyaga mafuta, washa ufunguo usikilize vali ya umeme ya kabureta. Iseme "tak". Isiposema na waya wake una volti 12, ibadilishe hiyo peke yake.

Mafundi wa injini na umeme wa magari,
Ndeeba, Kampala