Mafuta ya karafuu hayasafishi ini

Mhariri,

Wanaouza mafuta ya karafuu kama dawa ya kusafisha ini na figo wanahatarisha watu. Karafuu chache za chunguni hazina neno. Mafuta yake ni jambo jingine: asilimia 70 hadi 90 ni kemikali iitwayo eujenoli, na ini ndilo huichakata. Kikizidi kiasi, akiba ya glutathioni, kemikali ya mwili inayolinda ini, huisha na seli hufa, kama kwa mtu aliyezidisha parasetamoli. Mtoto akinywa mililita 5 hadi 10 tu anaweza kuzimia na ini likashindwa kazi. Na chupa hizi huachwa mezani!

Mtoto akiyameza, msimtapishe, mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe. Mtu mzima akiona macho ya manjano au mkojo mweusi, aache mafuta hayo, apimwe damu.